Mnapogawa nyumba, fungueni na stoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalowahusu wanandoa wanaofanya biashara pamoja, hasa wale ambao ndoa yao imefika mahali pa kuvunjika. Kila nikisoma habari za talaka, mali inayotajwa ni nyumba, viwanja, shamba, gari. Ni mara chache sana kukuta mtu ameuliza: na biashara je? Ile mashine, ule mzigo uliomo stoo, yale madeni tunayodai watu, ile namba ya simu ambayo wachuuzi wa Dar es Salaam wanaipiga wakitaka mchele, vyote hivyo vinakuwa vya nani?

Mimi ni mfanyabiashara wa mchele hapa Igurusi, wilayani Mbarali. Nimeifanya kazi hii zaidi ya miaka 20, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliifanya na mume wangu. Tulioana 1998, na mahakama ikaivunja ndoa yetu 2019. Sitaji jina lake wala sitaji mahakama, kwa sababu siandiki ili kumshitaki mtu. Yeye ni baba wa watoto wangu na wanamheshimu. Naandika kwa sababu niliyoyaona nayaona yakiwarudia wengine, msimu hadi msimu, na ninaamini yanazuilika.

Mashine yetu ya kwanza ilikuwa ya kukoboa tu, inaendeshwa na injini ya dizeli, imefungwa chini ya banda la mabati lisilo na ukuta. Mtaji ulitoka pande mbili. Yeye aliuza ng'ombe aliopewa na baba yake. Mimi nilitoa mpunga wa misimu miwili niliolima kwenye majaruba ya wazazi wangu, tukauuza bei ilipopanda. Hakuna karatasi hata moja inayosema hivyo. Ni nani aliyewahi kuandikishana na mumewe siku ile wanapounganisha fedha zao juu ya meza ya kulia chakula?

Kazi nazo tuligawana bila kukaa kikao. Yeye alikuwa mtu wa nje: kununua mpunga vijijini, kufuata spea Mbeya, kusindikiza mzigo, kuongea na madalali. Mimi nilikuwa mtu wa mzani. Mpunga ukiingia niliupima, nikaandika magunia ni ya nani, yana kilo ngapi, yameingia tarehe gani. Ukikobolewa nilisimama pale kuangalia mchele usitoke na chenga nyingi, kwa sababu mkulima akiona chenga mara mbili, mara ya tatu unamwona anashusha mzigo kwa jirani. Kilo 100 za mpunga uliokauka vizuri hutoa mchele kilo 60 na kitu; mkulima anaijua hesabu hiyo kama anavyojua majina ya watoto wake, na anayempimia lazima aijue vilevile. Pumba niliuza mimi kwa wafugaji wa kuku na nguruwe. Fedha ya pumba haikuandikwa katika daftari la biashara, lakini ndiyo iliyolipa vijana wa kubeba magunia, ikanunua luku tulipohamia umeme, na ikalipa ada ya shule Januari, wakati fedha nyingine yote imelala ndani ya mpunga ikisubiri bei.

Ulipofika wakati wa kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kuchukua namba ya mlipakodi TRA, mamlaka ya mapato, aliyekwenda mjini ni yeye, kwa kuwa mimi nilikuwa na mtoto mchanga na msimu ulikuwa umeanza. Jina la biashara likawa lake, leseni yake, namba yake. Sikuona ubaya. Hata leo sisemi kwamba alikuwa na nia mbaya siku ile.

Lakini nawaomba wasomaji waangalie jambo lililofuata. Mwaka 2012 tulitaka mashine kubwa zaidi, ya kukoboa na kupanga mchele madaraja, kwa sababu wanunuzi wa mjini walishaanza kukataa mchele uliochanganyika. Tukaomba mkopo benki, dhamana ikawa nyumba tunayoishi. Hapo mimi nikatafutwa. Afisa mikopo alikuja mpaka nyumbani, akanikalisha, akanisomea karatasi ukurasa kwa ukurasa, akataka saini yangu na picha. Sheria ya Ardhi inadai hivyo: nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema mume au mke hawezi kuiuza, kuigawa, kuipangisha wala kuiweka rehani nyumba ya familia bila mwenzake kukubali, na yule mwenzake anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Hii ni sheria nzuri. Imewaokoa wanawake wengi, na wanaume pia.

Basi nikasaini. Kwa saini yangu nyumba ikaingia hatarini ili biashara ipate mashine. Kama tungeshindwa kulipa, ningetolewa nje mimi na watoto. Tulilipa mpaka shilingi ya mwisho, na fedha ya kulipia ilipita mikononi mwangu pale kwenye mzani. Sasa mtu anieleze: kama nilikuwa na haki ya kutosha kuulizwa wakati wa kukopa, imekuwaje wakati wa kugawana nikaonekana mgeni katika biashara hiyohiyo?

Jibu lake ni hili. Nyumba ina ulinzi wa kifungu cha 59. Mashine haina. Mzigo hauna. Fuso halina. Mtu hawezi kuiuza nyumba usiku mmoja bila mwenzake kujua, lakini anaweza kukodi vijana na lori, na kabla jua halijachomoza stoo ikawa tupu.

Kwetu mambo yalikwenda hivi. Tulipokosana tukaitwa na wazee, haikusaidia. Tukaenda baraza la kata, kwa kuwa sheria inataka baraza la usuluhishi lijaribu kwanza, na likishindwa litoe hati ndipo shauri lifike mahakamani. Baraza lilitusikiliza kwa heshima. Waliuliza habari za ugomvi, habari za watoto, habari za nyumba na viwanja viwili. Biashara hawakuigusa. Kutoka siku ile ya kwanza barazani mpaka siku ya ushahidi mahakamani ilipita misimu miwili ya mavuno, na mimi nilikuwa nimeshaondoka nyumbani, ufunguo wa stoo sina, madaftari yako ndani.

Tulipofika mbele ya hakimu, ile mashine ya kupanga madaraja ilikuwa imeshahamia kata nyingine, kwenye banda la ndugu yake, na karatasi ya mauziano ikaletwa. Biashara ilikuwa na jina jipya. Wateja walikuwa walewale, vijana wa kubeba walikuwa walewale, na wachuuzi walipiga namba ileile ya simu. Mbele ya mahakama kilichobaki ni banda, injini ya zamani ya dizeli na mzani.

Yalibaki magunia. Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo wengi tunapopotelea. Stoo ya mashine ya mpunga haijai mali ya mwenye mashine peke yake. Mkulima akivuna Mei, Juni au Julai bei iko chini, kwa hiyo anaweka magunia yake kwako, anayaacha mpaka Januari au Machi bei ipande, ndipo anakuja kukoboa na kuuza. Humo humo kuna magunia yako uliyonunua kwa fedha yako. Na kuna ya aina ya tatu: uliyomkopesha mkulima fedha ya kupandikiza au ya mbolea, akakulipa kwa mpunga. Kwa macho yote ni yaleyale, sandarusi nyeupe zimepangwa mpaka karibu na bati. Anayejua lipi ni la nani ni daftari na yule aliyeliandika.

Mwenzangu akasema magunia yote yaliyomo ni ya wakulima. Mimi nikasema hapana, zaidi ya theluthi ni yetu, na nikataja safu: zile za ukutani upande wa barabara. Hakimu akaniuliza nina ushahidi gani. Nilikuwa na kichwa changu. Daftari nililoliandika kwa mkono wangu miaka yote hiyo halikuletwa, wala hakuna aliyeagiza liletwe. Mahakama iliamua kwa kile kilichokuwa mezani: nyumba tugawane sawa, viwanja kimoja kimoja, na kwenye biashara nikapewa fungu la thamani ya banda na injini. Simlaumu hakimu yule. Alinisikiliza vizuri na aliandika kila nilichosema. Mtu hawezi kugawa kitu ambacho hajakiona.

Watu wengi niliozungumza nao wanadhani sheria ndiyo iliyoninyima. Sheria haikuninyima. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali yoyote iliyopatikana kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Hakisemi nyumba, kinasema mali. Kinataka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Iangalie madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili. Iangalie mahitaji ya watoto wadogo. Iangalie na mila za jamii ya wanandoa. Baada ya kuyapima hayo, mahakama ielekee kwenye usawa. Na kuna jambo ambalo wachache wanalijua: hata mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa inaingia katika mgao ikiwa mwenzake, au wote wawili kwa pamoja, waliiendeleza kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo kijana aliyeoa akiwa na duka dogo, mkewe akalisimamia mpaka likawa la jumla, asidhani kwamba duka hilo liko nje ya mgao.

Kinachotukwamisha ni kifungu cha 60. Kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiwa kwa jina la mmoja, itachukuliwa kuwa ni yake mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, itachukuliwa kuwa haki zao ni sawa. Yaani mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yule ambaye jina lake halipo. Kwenye nyumba anaweza kuleta majirani waliomwona akibeba tofali. Kwenye biashara ataleta nini, ikiwa leseni, namba ya kodi, akaunti ya benki na daftari vyote viko upande wa pili?

Hapa wengi humtaja Bi Hawa Mohamed, na ni haki yake kutajwa. Katika shauri lake dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali. Kabla ya hapo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika, wengine wakisema kupika na kulea ni wajibu wa mke tu na havihesabiwi. Hukumu ile ilifungua mlango ambao wanawake wa nchi hii wanaupita mpaka leo. Lakini wanaoitaja mara nyingi hawasimulii mwisho wake. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu katika nyumba aliyokuwa akiidai. Mahakama iliona kwamba mumewe alimpa fedha za kuendesha mradi wa familia naye akazitapanya, na mchango wake ukawa umeliwa humo. Kwangu mimi, mwanamke wa mzani, sehemu hiyo ya hukumu ina uzito sawa na ile ya kwanza. Inaonyesha kwamba tangu 1983 mahakama zetu zinajua mradi wa familia ni sehemu ya hesabu ya ndoa. Kama fedha ya mradi iliyopotea inahesabiwa dhidi ya mke, basi fedha ya mradi iliyozaa nayo ihesabiwe kwa ajili yake.

Wala hili si suala la wanawake peke yao. Hapa kwetu yuko dereva wa malori ya Tunduma, mtu mzima mwenye staha, aliyekuwa akituma mshahara wake kila mwezi mkewe aongezee duka la vifaa vya ujenzi. Duka liliandikwa jina la mke, kwa sababu ndiye aliyekuwepo. Walipoachana, dereva alikuta kila kitu ni cha mama: nondo, saruji, mabati, hata pikipiki ya kupelekea mzigo. Alikuwa na jumbe za simu za fedha alizotuma, na hizo ndizo zilizomsaidia kidogo. Nilikwenda kumpa pole, na nilimwambia kwamba alichofanyiwa ni kilekile nilichofanyiwa mimi. Haki ya mtu aliyefanya kazi haina jinsia.

Wenzetu wa Kenya wana Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013. Humo, pale inapoelezwa mchango ni nini, kusimamia biashara ya familia kumetajwa wazi, pamoja na kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi za shamba. Haina maana kwamba kila mtu anaondoka na nusu. Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema Januari 2023 kwamba usawa katika ndoa haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja, kila mmoja athibitishe alichochangia. Hilo nalikubali. Sikuomba nusu ya kitu nisichokifanyia kazi. Ninachokionea wivu ni kwamba mwanamke wa Kenya akisimama kizimbani haanzi kwa kueleza kama kusimamia mashine ni kazi au si kazi. Limeshaandikwa.

Sasa, biashara inagawanywaje? Nyumba unaweza kuiuza mkagawana, au mmoja akakaa akamlipa mwenzake. Biashara ina tabia yake. Ukiiuza vipande vipande, mashine kwa huyu, gari kwa yule, mara nyingi inakufa na thamani yake kubwa inakufa nayo, kwa sababu wateja hawanunuliki kwenye mnada. Kuendelea pamoja kama wabia baada ya talaka nimeona kwa watu wachache sana, na ilihitaji moyo ambao si kila mtu anao. Kwa maoni yangu njia iliyo nzuri kwa biashara nyingi kama zetu ni mmoja kubaki nayo na kumlipa mwenzake fungu lake kwa awamu, kwa amri ya mahakama, na awamu hizo zifuate misimu. Mtu wa mpunga usimwambie alipe kila mwisho wa mwezi. Mwambie alipe Februari na Machi, wakati anauza.

Lakini kabla ya yote lazima ijulikane biashara ina nini, na tarehe ya kuhesabu ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Ukiingia kwenye stoo yangu Julai utakuta magunia mpaka mlangoni na simu haina salio la kutosha kununua vocha. Fedha yote imegeuka mpunga. Ukija Aprili utakuta sakafu inaonekana, lakini fedha iko benki, iko kwa wachuuzi waliochukua mchele kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya kulipa baadaye, na nyingine imeshatangulia shambani kama mkopo wa wakulima. Anayetaka kuficha anachagua mwezi wake. Kwa hiyo hesabu iangalie vyote: mzigo wetu ukitengwa na wa wakulima, mashine na vyombo, fedha benki na kwenye simu, tunaowadai, wanaotudai, kodi ya serikali na ushuru wa mazao ambao haujalipwa. Na mimi naongeza jina na wateja. Watu wanasema hilo halina bei. Mbona mtu akitaka kukuuzia fremu ya duka yenye wateja anadai kilemba, yaani fedha ya ziada kwa ajili ya wateja hao?

Madeni nayo yasisahaulike, kwa sababu yanaumiza kimyakimya. Wapo wanawake waliodhamini mikopo ya biashara za waume zao kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, SACCOS na VICOBA, ndoa ikavunjika, biashara ikabaki kwa mume na rejesho likabaki kwa mke, maana kikundi kinamjua yeye. Kifungu cha 114 kinataka deni la faida ya wote liangaliwe. Basi hukumu iseme wazi nani atalipa deni lipi. Isipotaja, kikundi kitakuja kuchukua friji na makochi kwa yule anayejulikana.

Nina maombi, na naomba yasichukuliwe kama maneno ya mwanamke mwenye uchungu tu.

Kwa wajumbe wa mabaraza ya kata: siku ya kwanza wanandoa wanapokaa mbele yenu, ulizeni kama wana biashara, iko wapi, ina nini, nani anashika ufunguo na nani anashika daftari. Andikeni. Hamna mamlaka ya kugawa, najua. Lakini maandishi yenu ya siku ile yatakuwa picha ya biashara kabla haijaguswa, na karatasi ile ingenifaa mimi kuliko mashahidi niliowaita.

Kwa mahakimu: zuio la muda lipo, na linatolewa kila siku kwenye kesi za viwanja. Mwanandoa akiomba litolewe pia kwa mashine na mzigo, lisionekane jambo la ajabu. Simaanishi biashara ifungwe. Ikifungwa wote tunapoteza, na wakulima wanahamisha magunia yao. Iendelee kufanya kazi, lakini kisitoke chombo wala jina lisibadilishwe mpaka hesabu ifanyike. Na hesabu ifanywe na mtu asiye wa upande wowote. Kwa stoo kama zetu haihitaji mkaguzi kutoka Dar es Salaam. Mtu anayejua mzani, daftari la stoo, mwenyekiti wa kitongoji na wakulima wawili watatu wenye magunia humo wanatosha. Kila mkulima anayajua magunia yake. Yatakayobaki bila mwenyewe ni ya nyumba.

Kwa waheshimiwa wabunge: tunasikia mara kwa mara kwamba Sheria ya Ndoa itarekebishwa, na mjadala mkubwa umekuwa kupandisha umri wa kuolewa, jambo ambalo mimi kama mama naliunga mkono kwa moyo wote. Mtakapoifungua sheria hiyo, kipeni kifungu cha 59 mkono mrefu zaidi, ufike kwenye vyombo vya biashara ya familia. Mtu asiuze mashine inayolisha nyumba bila mwenzake kujua, kama vile asivyoweza kuuza nyumba yenyewe.

Kwa wasaidizi wa kisheria, na wale wanaokuja na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia tangu 2023: mkifika kwenye kata za wakulima na wafanyabiashara, msiishie kwenye hati za nyumba na mirathi. Tuelezeni tofauti ya jina la biashara na kampuni. Wengi hawajui kwamba jina la biashara ni jina tu, mali ni ya mwenye nalo, lakini kampuni ni mtu mwingine kabisa mbele ya sheria. Mashine ikiwa ya kampuni, mke hawezi kuidai kama mali ya mume. Anachoweza kukifuata ni hisa. Nimeona ndugu zetu wakishauriwa kufungua kampuni kwa ajili ya zabuni za serikali, hisa zikaandikwa za mume na mdogo wake, na mke anapika chakula cha sherehe ya kufungua ofisi bila kujua kwamba kazi ya mikono yake imehamia kwa mtu asiyemjua.

Na kwa wanandoa ambao bado mnapendana: mnaosajili, sajilini majina yote mawili. Fomu inaruhusu ubia. Daftari liwe na nakala, au kila Jumamosi kurasa zipigwe picha kwa simu, kila mmoja abaki nazo kwake. Nimewashauri hivyo binti yangu na mumewe wenye duka la pembejeo Makambako, na mkwe wangu hakununa. Alisema hata akifa ghafla, mkewe atajua nani anadaiwa.

Leo nina mashine yangu ndogo, nimeianza upya na mzani wa kukopa. Leseni ina jina langu na la mwanangu wa kwanza, na kila kijana ninayemwajiri anajua daftari linakaa wapi.

Ningeshukuru, Mhariri, kama hakimu au mwanasheria yeyote anayesoma gazeti hili angejibu hapahapa, kwa Kiswahili cha kawaida: mtu anayefungua shauri la talaka Mahakama ya Mwanzo, asiye na wakili, anaombaje hesabu ya biashara na zuio la kuhamisha mali siku hiyohiyo anapofungua? Aandike barua, au kuna fomu? Alipe kiasi gani? Na kama mwenzake amekataa kuleta daftari, aseme maneno gani mbele ya hakimu ili liagizwe? Huku Mbarali wapo wanaolisubiri jibu hilo kabla mavuno hayajaingia stoo.

Jina langu unalo, Mhariri. Naomba lisichapishwe kwa ajili ya watoto.

Mfanyabiashara wa mchele,
Igurusi, Mbarali,
Mbeya.